Mwomba hifadhi asipofika mahakamani Marekani: amri, adhabu na njia ya kurudi

Na Mwandishi Wetu

MAHAKAMA ya uhamiaji nchini Marekani haina kizimba wala wazee wa baraza. Aghalabu ni chumba cha wastani ndani ya jengo la ofisi za Serikali, chenye meza ya jaji, kiti cha wakili wa Serikali, kiti cha mkalimani na mabenchi machache ya wanaosubiri. Jaji huita jina na namba ya jalada. Asipoitika mtu, wakili wa Serikali huonyesha nakala ya wito uliotumwa na maelezo ya namna mhusika alivyoingia nchini. Dakika chache baadaye amri ya kumwondoa nchini huwa imekwisha kuandikwa.

Katika dakika hizo hakuna anayeuliza kama mtu huyo aliteswa Bujumbura, au kama nyumba yake ilichomwa moto Kivu. Madai yake ya kuomba hifadhi, hata yawe na ushahidi wa kurasa mia tatu, hayafunguliwi. Jaji huangalia mambo mawili tu: kwamba wito wa maandishi ulitolewa kama sheria inavyotaka, na kwamba mhusika ni mgeni anayestahili kuondolewa. Serikali ikithibitisha hayo kwa ushahidi ulio wazi na usiotia shaka, sheria inamtaka jaji atoe amri. Haimwachii hiari ya kusema, "tumpe nafasi nyingine."

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kusikia kwamba kesi imetajwa na kuahirishwa, atashangazwa na jambo moja. Huko nako kuna siku ya kutajwa, ambapo waitwa hupangwa kwa makumi na kila mmoja huzungumza na jaji kwa muda mfupi, na kuna siku ya kusikilizwa, ambapo ushahidi hutolewa. Lakini kwa asiyefika, siku hizo mbili zina uzito mmoja. Aliyekosa siku ya kutajwa, hata ikiwa ilikuwa ya kupangiwa tarehe nyingine tu, hupewa amri ileile ambayo angepewa aliyekosa siku ya ushahidi. Ni hukumu ya upande mmoja, nayo huwa ya mwisho tangu saa inapotolewa.

Majaji hawa si sehemu ya mhimili wa Mahakama. Ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu, katika ofisi iliyoundwa mwaka 1983. Mwaka 2024 walikuwa takriban 700, ilhali mashauri yaliyokuwa yakisubiri yalikwisha kupita milioni tatu tangu mwishoni mwa 2023. Kwa sababu ya wingi huo, shauri moja huweza kukaa miaka minne au mitano, na tarehe zake husogezwa mbele au kurudishwa nyuma mara kadhaa. Kila badiliko huleta barua mpya, na kila barua ni nafasi mpya ya kupotea.

Wakili wa kulipwa na Serikali hayupo. Sheria inamruhusu mwomba hifadhi kuwa na wakili, ila kwa gharama zake mwenyewe au kwa hisani ya mashirika ya msaada wa kisheria. Mkalimani wa ndani ya mahakama hulipwa na Serikali, lakini hati ya wito yenyewe huandikwa kwa Kiingereza.

Adhabu zenyewe

Msingi wa adhabu uliwekwa na Bunge la Marekani katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, ukakazwa na sheria ya mageuzi ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 30 Septemba 1996, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1997. Katika sheria ya awali, wito ulipaswa kukabidhiwa mkononi au kutumwa kwa barua ya rejista, ambayo mpokeaji huisainia. Sheria ya 1996 iliondoa sharti hilo. Barua ya kawaida ya posta, iliyotumwa kwenye anwani ya mwisho ambayo mhusika aliitoa, inatosha. Sehemu kubwa ya matatizo yanayosimuliwa hapa chini inatokana na badiliko hilo moja, ambalo wakati ule halikupewa uzito na watu wengi nje ya duru za wanasheria.

Adhabu ya kwanza ni amri yenyewe. Hukumu ya kawaida ya jaji wa uhamiaji hukatiwa rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, na wakati rufaa ikisubiri mtu haondolewi. Amri ya asiyefika haina rufaa ya moja kwa moja: ni lazima arudi kwanza kwa jaji yuleyule na kuomba shauri lifunguliwe upya. Ombi lake la hifadhi huhesabiwa kuwa limetelekezwa, na kibali cha kazi kilichotegemea ombi hilo hupoteza msingi wake.

Adhabu ya pili ni ya miaka 10. Aliyepewa amri hiyo, ikiwa alikwisha kuelezwa kwa mdomo, kwa lugha yake au lugha anayoielewa, juu ya tarehe, mahali na matokeo ya kutofika, hufungiwa kwa miaka 10 nafuu kadhaa ambazo wengine huzipata. Hawezi kubadilishiwa hadhi na kuwa mkazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi, hata akiwa ameoa au kuolewa na raia. Hawezi kufutiwa amri kwa sababu ya ukaazi wa muda mrefu, wala kuruhusiwa kuondoka kwa hiari yake bila doa la kufukuzwa. Hifadhi yenyewe haimo katika orodha ya nafuu zilizofungwa. Walioiandika sheria waliiacha nje. Hata hivyo, aliyekosa siku yake hawezi kuifikia hifadhi hiyo kabla shauri halijafunguliwa upya, na hapo ndipo penye ugumu.

Akiondoka au kuondolewa, huja adhabu ya tatu. Aliyekosa kufika bila sababu ya maana hazuiwi tu kwa amri ya kuondolewa, ambayo kwa mara ya kwanza humzuia kurudi kwa miaka mitano au 10 kulingana na namna alivyoingia. Kwa kutofika peke yake sheria humwekea kizuizi cha miaka mitano. Akirudi kwa njia za panya, amri ya zamani hufufuliwa bila kupelekwa tena mbele ya jaji, na kuingia huko kwaweza kumfikisha katika mahakama ya jinai.

Kutofika, kwa yenyewe, si kosa la jinai. Jambo hili huchanganywa mara nyingi, hata na watu waliosoma. Hakuna kifungo kinachotolewa kwa sababu ya kukosa siku ya mahakama ya uhamiaji. Kuna kosa la jinai la kukataa kwa makusudi kuondoka nchini baada ya amri ya mwisho, nalo lina kifungo cha hadi miaka minne. Lakini hilo huhitaji kuthibitishwa kwamba mtu aliijua amri na akaikaidi.

Nyongeza ya karibuni ni ya fedha. Sheria kubwa ya bajeti na kodi ambayo Rais Donald Trump aliitia saini tarehe 4 Julai 2025 iliweka ada ya dola 5,000 kwa mtu aliyepewa amri bila kuwepo mahakamani, kisha akakamatwa na maofisa wa ICE, idara inayosimamia ukamataji wa wageni. Haitozwi kwa yule ambaye amri yake itafutwa kwa sababu zinazotambuliwa na sheria. Sheria hiyohiyo iliweka kwa mara ya kwanza ada ya kuomba hifadhi, dola 100, na dola 100 nyingine kwa kila mwaka ombi linapoendelea kusubiri, pamoja na utaratibu wa kupandisha viwango hivyo kufuatana na mfumuko wa bei.

Anwani

Kila anayeingizwa katika mahakama hizi huambiwa kwamba akihama anapaswa kuiarifu mahakama ndani ya siku tano, kwa fomu iitwayo EOIR-33. Siku tano ni chache kwa mtu aliyehamishwa kutoka kituo cha mapokezi kwenda kwa ndugu, kisha chumba cha kupanga, kisha mji mwingine alikosikia kuna kazi. Tena kuiarifu ofisi moja si kuziarifu zote. Aliyempa anwani mpya ofisa wa ICE, au akaiandika kwenye ombi la kibali cha kazi, hajaiambia mahakama kitu.

Fikiria safari ya wale waliofika Portland, katika jimbo la Maine, mwezi Juni 2019. Walikuwa mamia ya Waafrika, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola, waliopitia Amerika ya Kusini na msitu wa Darién hadi mpaka wa Mexico. Walivuka mto na kuingia Texas, wakapelekwa San Antonio, na kutoka hapo mabasi yakawachukua hadi Portland, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Mji uliwalaza katika ukumbi wa mpira wa kikapu uitwao Expo, na kabla ya majira ya joto kwisha walikuwa wametawanywa katika nyumba za kupanga na za wahisani. Maine haikuwa na mahakama ya uhamiaji. Mashauri ya huko yalisikilizwa Boston, katika jimbo jingine.

Mtu wa namna hiyo ana kazi tatu kabla hata hajaanza kueleza kilichomkimbiza kwao. Anapaswa kuandika anwani ya ukumbi, kisha ya nyumba. Anapaswa kuomba jalada lake lihamishwe kutoka mahakama ya huko mpakani. Na anapaswa kujua kwamba kuomba uhamisho si kuruhusiwa: mpaka jaji akubali kwa maandishi, tarehe ya kule kwanza inabaki palepale, na asipofika huko amri hutolewa huko.

Kuna jambo jingine ambalo wanasheria wa Marekani huenda wasilione, lakini msomaji wetu ataliona mara moja. Sisi tumelelewa na sanduku la posta. Barua huja kwa S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mwajiri, na mwenye barua huitwa. Marekani mtarishi huleta barua mlangoni, katika kisanduku chenye majina. Jina lisipokuwemo, barua yaweza kurudishwa ilikotoka. Wapangaji sita wa chumba kimoja, wenye kisanduku kilichoandikwa jina la mpangaji aliyehama mwaka jana, wanaweza kupoteza mashauri sita bila kujua.

Hata sanduku la posta lenyewe halikumsaidia mhamiaji mmoja wa Brazil ambaye shauri lake lilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Hakuwa mwomba hifadhi, lakini sheria ya wito ni moja kwa wote. Mwaka 2006 alikabidhiwa hati isiyo na tarehe, iliyosema tu kwamba siku itapangwa baadaye. Mwaka uliofuata mahakama ya Boston ilipanga siku na kutuma barua, lakini ikaituma kwenye anwani ya mtaa badala ya sanduku la posta alilokuwa ameliandikisha. Barua ilirudi. Siku ikafika, jina likaitwa, amri ikatolewa. Aliendelea kuishi na familia yake bila habari hadi mwaka 2013, alipokamatwa kwa kosa dogo la barabarani na kuambiwa kwamba alikwisha kufukuzwa nchini kwa karatasi miaka mingi iliyopita. Kwa bahati barua iliyorudi ilikuwa ushahidi wake, na shauri likafunguliwa.

Tarehe

Hukumu ya Mahakama Kuu katika shauri hilo, ya tarehe 21 Juni 2018, iliungwa mkono na majaji wanane kati ya tisa. Ilisema kwamba hati ya wito isiyotaja siku na mahali si hati ya wito kwa maana ya sheria. Kwa miaka mingi karibu hati zote zilikuwa zikitolewa bila tarehe, hivyo hukumu hiyo iliitia Serikali katika tatizo kubwa.

Namna idara zilivyolitatua ilikuwa kituko. Zilianza kuandika tarehe, lakini tarehe ambazo mahakama hazikuzijua. Mwaka 2018 magazeti ya Texas yaliripoti hati zilizowaita watu saa sita ya usiku, na nyingine zilizowaita tarehe 31 Septemba, siku isiyomo katika kalenda yoyote. Tarehe 31 Januari 2019 watu wengi walipanga foleni nje ya mahakama za miji mbalimbali, wengine wakiwa wamesafiri usiku kucha na watoto, wakaambiwa kwamba hawamo katika orodha ya siku hiyo. Walikwenda kwa sababu waliambiwa kwamba asiyekwenda hufukuzwa. Walirudi nyumbani kusubiri barua nyingine.

Mahakama Kuu ililirudia suala hilo tarehe 29 Aprili 2021, na kwa kalamu ya Jaji Neil Gorsuch ikasema kwamba taarifa zote zinazotakiwa lazima ziwe katika hati moja, si vipande viwili. Wengi walitarajia kwamba maelfu ya amri za wasiofika zingefutwa kwa hoja hiyo. Matumaini hayo yalizimwa tarehe 14 Juni 2024. Kwa kura tano dhidi ya nne, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito, mahakama ilisema kwamba aliyepata hati ya kwanza yenye kasoro, lakini baadaye akapata barua yenye tarehe na mahali pa siku aliyoikosa, hawezi kufutiwa amri kwa sababu ya kasoro ile. Jaji Ketanji Brown Jackson aliandika maoni ya kupinga, na safari hii Gorsuch alikuwa upande wake.

Tarehe inaweza pia kusomwa vibaya hata ikiwa imeandikwa vizuri. Marekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilisikiliza shauri la mama mmoja kutoka El Salvador, asiyejua kusoma na mwenye tatizo la kumbukumbu tangu alipoumia kichwani utotoni. Karatasi yake ilisema 07/12/2016. Jamaa zake waliisoma kama inavyosomwa kwao, yaani tarehe 7 Desemba. Ilikuwa 12 Julai. Mama huyo na mwanawe walipewa amri ya kuondolewa. Mahakama ya rufani iliona kwamba hakuwa na nia ya kukwepa, ikaagiza shauri lifunguliwe.

Kosa hilo linaweza kumpata yeyote kati yetu, kwani nasi tunaandika siku kwanza. Tena sisi tuna mtego wa ziada katika saa. Wito unaosema 8:30 asubuhi maana yake ni saa mbili na nusu kwa hesabu ya Kiswahili. Anayetamka tarakimu hizo kama zilivyo na kumwambia jirani yake kwamba anaitwa "saa nane na nusu" atamfikisha mahakamani mchana, wakati chumba kimekwisha kufungwa.

Je, ni wakimbiaji?

Wanasiasa wanaotaka adhabu kali husema kwamba waomba hifadhi wengi huachiwa wakatoweka. Utafiti wa wanasheria Ingrid Eagly na Steven Shafer, uliochapishwa mwaka 2020 kutokana na kumbukumbu za mahakama zenyewe kati ya 2008 na 2018, ulionyesha picha tofauti: asilimia 83 ya wahamiaji wasiokuwa kizuizini walihudhuria siku zao zote. Kwa wenye mawakili ilikuwa asilimia 96.

Takwimu za Serikali zilionyesha kiwango kikubwa zaidi cha kutofika, na tofauti hiyo si uongo wa upande mmoja. Serikali huhesabu amri za wasiofika kama sehemu ya mashauri yaliyomalizika. Asiyefika humalizwa siku ileile. Anayefika kila mara hubaki katika foleni kwa miaka na hahesabiwi. Anayehesabu walioondoka uwanjani peke yao lazima aone kwamba watu hawakai mpirani.

Watafiti hao waligundua pia kwamba asilimia 15 ya waliopewa amri hizo walifanikiwa baadaye kufunguliwa mashauri yao. Si sehemu ndogo, ukikumbuka kwamba kila mmoja wao alilazimika kwanza kugundua kuwa ana amri, kisha kumpata mtu wa kumwandikia ombi.

Njia ya kurudi

Sheria inatoa sababu tatu za kufuta amri. Ya kwanza ni kwamba mhusika hakupata wito. Hii haina kikomo cha muda. Ya pili ni kwamba alikuwa mikononi mwa polisi au gerezani, na kutofika hakukuwa kosa lake. Nayo haina kikomo. Ya tatu ni hali isiyo ya kawaida, na hapa ombi lazima lifike ndani ya siku 180. Sheria inataja mifano: ugonjwa mahututi wa mhusika, ugonjwa mahututi au kifo cha mwenzi, mtoto au mzazi wake, kupigwa au kutendewa ukatili mkubwa. Dhiki iliyo ndogo kuliko hizo haitoshi.

Bodi ya Rufaa za Uhamiaji imekuwa kali katika kupima. Mwaka 1998 ilikataa ombi la mtu aliyesema aliumwa sana na kichwa, kwa kuwa hakuleta cheti cha daktari, na mwaka huohuo ikamkataa aliyeumia mguu. Foleni ya magari ilikataliwa mwaka 1997, na ikakataliwa tena mwaka 2021 pale mwombaji alipoieleza kwa jumla bila ushahidi. Mahakama za rufani huwa na moyo wa upole zaidi katika baadhi ya kanda: mwaka 2024 Kanda ya Tisa ilimrudishia nafasi mama aliyechelewa pamoja na wanawe wawili kwa sababu ya ajali mbili za magari zilizofunga barabara. Kwa aliyepotoshwa na wakili, au na karani wa wakili aliyemwambia kwamba siku imeahirishwa, Bodi ilikubali tangu 1996 kwamba hiyo yaweza kuwa sababu, mradi mlalamikaji atoe kiapo, amwarifu wakili huyo, na aeleze kama amemshitaki kwenye chombo cha nidhamu.

Kuhusu barua zilizopotea, uamuzi wa Bodi wa mwaka 2008 una manufaa makubwa. Ulisema kwamba barua ya kawaida haina nguvu ya kudhaniwa imefika kama ile ya rejista, hivyo kiapo cha mhusika, viapo vya aliokaa nao, haraka yake ya kuja mahakamani alipogundua, na kumbukumbu kwamba alihudhuria siku nyingine, vyote hupimwa. Anayehifadhi karatasi zake tangu siku ya kwanza ana silaha. Lakini asiyepata wito kwa sababu hakutoa anwani, au alihama bila kutaarifu, hana hoja hiyo.

Ombi la kufuta amri huzuia mtu kuondolewa mpaka jaji aamue, na mtu ana ombi moja tu la namna hiyo. Sheria ya Julai 2025 iliweka ada ya dola 900 kwa maombi ya kufungua mashauri, ila ikawaachia wanaodai kwamba hawakupata wito.

Ipo njia nyingine isiyohusu sababu ya kutofika: kuomba shauri lifunguliwe kwa kuwa hali ya nchi ya asili imebadilika tangu siku ile, kwa ushahidi ambao wakati huo haukuwepo. Ombi hilo halina kikomo cha muda. Mtu wa Goma aliyepewa amri mwaka 2018 anaweza kuieleza mahakama kwamba waasi wa M23 waliuteka mji wake mwezi Januari 2025. Mabadiliko ya maisha yake mwenyewe huko Marekani, kama ndoa au watoto, hayahesabiwi hapa. Na hata hali ya nchi ikiwa imebadilika, lazima aonyeshe jinsi inavyomgusa yeye.

Kanada, ambako nako Warundi na Wakongo huomba hifadhi, ina utaratibu mwingine. Asiyefika mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi hapewi amri siku hiyo; huitwa tena ndani ya siku tano za kazi ili aeleze kwa nini ombi lisihesabiwe kuwa limetelekezwa. Akishindwa kujieleza, adhabu ni kali kuliko ya Marekani kwa namna moja: hataruhusiwa kuwasilisha ombi jingine la ukimbizi katika nchi hiyo.

Anayefika naye

Kwa miongo kadhaa ushauri wa mawakili ulikuwa mmoja: nenda, hata kama huna wakili, hata kama unaumwa. Tangu mwezi Mei 2025 ushauri huo umekuwa mgumu kuutoa bila maelezo. Katika miji kama New York, Phoenix, Los Angeles na Miami, maofisa wa ICE, baadhi yao wakiwa wamefunika nyuso, walianza kuwasubiri watu katika korido za mahakama. Katika mashauri mengi wakili wa Serikali alimwomba jaji alifute shauri. Mhusika akatoka akidhani amepata nafuu, akakamatwa mlangoni ili aondolewe kwa utaratibu wa haraka usiopita mbele ya jaji. Tarehe 17 Juni 2025 Brad Lander, aliyekuwa mdhibiti wa fedha wa jiji la New York, alikamatwa katika jengo la 26 Federal Plaza akiwa ameshikana mkono na mtu aliyekuwa akitoka mahakamani.

Hivyo mwomba hifadhi akapima hatari mbili. Kwenda kulikuwa na uwezekano wa kukamatwa. Kutokwenda kulikuwa na uhakika wa amri, miaka 10 ya kufungiwa nafuu, na bili ya dola 5,000 siku atakapokamatwa. Baadhi ya majaji hukubali mtu asikilizwe kwa video, lakini lazima aombe mapema, na ombi lisilojibiwa si ruhusa. Kufika kwa wakili peke yake nako hakumsamehei mteja, isipokuwa jaji amekwisha kumwondolea sharti la kuhudhuria.

Tarehe ya shauri huthibitishwa kwa simu ya mahakama, namba 1-800-898-7180 kwa aliye ndani ya Marekani, kwa kubonyeza namba ya jalada inayoanza na herufi A katika karatasi ya wito. Mashine hutaja siku, saa na jina la jaji, na pia husema kama amri imekwisha kutolewa. Huzungumza Kiingereza na Kihispania.